Mti wa Katabi na Kiboko wa Ayubu

Kijiji cha Sitalike kiko kiasi cha kilomita 35 kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya mto Katuma, mahali ambapo barabara iendayo Sumbawanga inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Makao makuu ya Hifadhi yako hapo. Upande mmoja kuna nyumba, maduka, shule, mashamba na makanisa ya madhehebu mbalimbali. Upande wa pili ni nchi ya nyati, tembo na simba. Kiangazi kinapokaza, kati ya Agosti na Oktoba, maji ya Katuma hupungua hata yakabaki madimbwi, na viboko kwa makundi hujisonga humo, mgongo kwa mgongo, katika tope. Mamba nao huchimba mapango katika kingo za mto wakajificha jua. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kutazama jambo hili. Mwenyeji huliona akiwa njiani kwenda shambani, sokoni au kanisani.

Katika makala haya twataka kuuliza swali moja. Imani ya Kikristo, ambayo imekaa katika sehemu hizi kwa zaidi ya miaka 130, imewafundisha nini watu wake juu ya mto, mti na mnyama? Wako wasemao kwamba haikuwafundisha chochote ila kutawala na kutumia. Wako pia wasemao kwamba kupenda wanyama na misitu ni mambo ya watalii, wala hayamhusu Mkristo aliye na watoto wa kulisha. Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili, lakini kila moja lina chembe ya ukweli, na chembe hizo ndizo zitakazotuongoza.

Tuanze na jina lenyewe. Katavi ni jina linalotokana na Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye, kwa masimulizi ya wenyeji, makao yake ni katika mkwaju ulio karibu na ziwa Katavi. Watu wameuendea mti huo kwa vizazi vingi kutoa sadaka na kuomba baraka, na hata leo wako wanaouendea. Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na majirani zao Wafipa walikuwa na mahali pengi pa namna hiyo: kijisitu, mwamba, chemchemi. Mahali pa mizimu hapakuingiwa ovyo. Mti wa hapo haukukatwa kwa kuni, na mtu aliyepita alipita kwa adabu.

Yafaa tujihadhari tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Wazee wetu hawakuwa maafisa wa hifadhi. Waliwinda, walichoma nyika, walifyeka misitu kwa ajili ya ulezi na mtama, na biashara ya pembe za ndovu iliwapata baadhi yao wakiwa washiriki wenye bidii. Hata hivyo, walikuwa na jambo moja ambalo ni kubwa. Walijua kwamba si kila kitu katika nchi ni chao. Palikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na hofu ya mwenyewe asiyeonekana.

Ukristo ulifikaje hapa? Ulipitia Karema, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda. Na habari ya Karema, kwa bahati ya ajabu, inaanza na wanyama. Mwaka 1879 chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kilijenga boma Karema, liwe kituo cha safari za kuingia bara. Mwaka huohuo tembo wanne wa Bara Hindi, waliokwisha kufundishwa kazi, waliteremshwa pwani ya Dar es Salaam ili wajaribiwe kubeba mizigo mpaka ziwani. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi. Mwingereza Carter aliyeongoza jaribio hilo, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, kusini ya Katavi, walipokutwa katikati ya vita vya Mirambo. Hebu fikiri: tembo wakiletwa kwa meli kutoka ng'ambo, wapitishwe katika nchi iliyojaa tembo, ili wafungue njia ambayo kwayo pembe za tembo zingetoka! Katika kisa hiki twaona waziwazi namna ya kuitazama nchi kana kwamba ni ghala na mnyama kana kwamba ni mkokoteni.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliliacha boma hilo mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Basi misheni ya kwanza ya nchi hii ilirithi ngome. Ziwa lenyewe lilikuwa linashuka kina katika miaka hiyo, na boma lililojengwa karibu na maji likaachwa mbali na ufuko. Mapadre walikuta nchi iliyovurugwa na biashara ya watumwa na vita, na kazi waliyojipa kwanza ilikuwa kuwakomboa na kuwakusanya watu. Juu ya mizimu hawakuwa na shaka. Katabi kwao alikuwa ushirikina, na Mkristo mpya alitakiwa kuachana naye kabisa.

Pamoja na hayo, misheni haikuwa na sura moja. Mtu aliyekaa Karema kuliko wote hakuwa Mzungu. Alikuwa Adrian Atiman, mtoto wa nchi iitwayo leo Mali, aliyezaliwa yapata mwaka 1866, akatekwa utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista, akaoa binti wa Kibende, akabaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kutibu watu mahali pamoja. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba hakuidharau miti shamba. Aliwauliza wenyeji, akaipima dawa yao kando ya dawa yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuutazama msitu kama ghala la mbao. Kwake kila gome na kila mzizi huenda ukawa na neno la kumwambia mgonjwa. Tunamtaja Atiman kwa kuwa wanafunzi wetu hujifunza sana juu ya wasafiri waliopita, na kidogo mno juu ya watu waliokaa.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kanisa lilipomwambia mwanakijiji kwamba hakuna mzimu katika mkwaju, lilimwondolea hofu, na katika hofu hiyo mlikuwa na mateso mengi ambayo hatutamani yarudi. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wa kijisitu. Ukuta ulipobomolewa, ni nini kilichowekwa badala yake? Kwa muda mrefu, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hapakuwekwa kitu. Mti uliokuwa mtakatifu ukawa mti tu, na mti tu huwa na bei.

Jambo hili halikuwa la Katavi peke yake. Nchini Kenya, Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ameeleza habari ya mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule kwa sababu ulikuwa wa Mungu, na pembeni mwake palikuwa na chemchemi. Aliporudi kutoka masomoni alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Maathai alikuwa Mkatoliki aliyelelewa katika shule za masista, na hakuona kwamba kulieleza jambo hilo kulimpunguzia imani. Alitambua kuwa katazo la mama yake lilikuwa na elimu ndani yake: mizizi ya mugumo ilishika udongo na kuyafungulia maji njia.

Huko Ethiopia mambo yalikwenda njia nyingine. Katika nyanda za juu, ambako sehemu kubwa ya misitu imekwisha, mtu akitazama kutoka juu huona visiwa vya miti ya kijani katikati ya mashamba, na katikati ya kila kisiwa pana kanisa la Kiorthodoksi. Waumini wameilinda miti hiyo kwa karne nyingi kwa kuwa imelizunguka kanisa kama vazi. Huko Ukristo haukuuacha msitu ukiwa bila mwenyewe. Tofauti hii yatufundisha kwamba kosa halikuwa katika imani yenyewe. Lilikuwa katika namna ilivyoletwa na ilivyopokewa.

Katika nchi yetu, pengo hilo lilijazwa na serikali. Wajerumani waliifanya nyanda ya Katavi kuwa eneo la kulinda wanyama mwaka 1911, Waingereza wakaendelea nalo. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliwafanya watawala kuwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi machache, na nyika nyingi zikabaki kwa mbung'o na wanyama. Twapaswa kulikumbuka hili kila tusikiapo Katavi ikiitwa nchi isiyoguswa. Iliguswa, ina makaburi na mahame. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa, na katika miaka ya 1990 ikapanuliwa kufikia kilomita za mraba 4,471. Mwaka huo wa 1974 ndio mkoa wa Rukwa ulipoundwa, na ndio vijiji vilipokuwa vikipangwa upya nchi nzima. Mkoa wa Katavi ulizaliwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1961 alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori (si lile la mwaka 1967), alipata kusema kwa uwazi wake kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama wala hakutaka kutumia likizo yake kutazama mamba. Lakini aliunga mkono kabisa wahifadhiwe. Wako wanaoyachukua maneno hayo kama utani tu. Sisi twayaona kuwa na uzito, kwa kuwa yanatenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Kupendezwa na mnyama ni jambo la hiari. Kumwachia nafasi yake ni wajibu. Naye Mwalimu alikuwa mtu wa Misa ya kila siku.

Wajibu huo watoka wapi kwa Mkristo? Hapa hapana budi kuyatazama Maandiko yenyewe, na hasa Kiswahili chake. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Union Version, inatumia katika sura ya kwanza ya Mwanzo kitenzi "kutiisha" kwa habari ya nchi, na "kutawala" kwa habari ya samaki, ndege na wanyama. Ni maneno makali. "Kutiisha" ni neno la bwana na mtwana, na katika nchi iliyokwisha kuona misafara ya watumwa na utawala wa kigeni, neno hilo halisikiki kama shairi. Si ajabu kwamba kuna waliolifahamu kuwa ruhusa. Lakini sura ya pili yaleta habari nyingine: mtu anawekwa bustanini ili ailime na kuilinda. Mkulima anayajua hayo mawili kwa pamoja, maana shamba lisilolindwa ni shamba la nguruwe na nyani.

Hata hivyo, ushahidi mkubwa kwa watu wa Sitalike hauko katika Mwanzo. Uko katika kitabu cha Ayubu, sura ya 40 na ya 41. Ayubu amelalamika kwa muda mrefu, na Mungu anamjibu kwa kumwonyesha wanyama. Katika Kiebrania wanyama wawili wa mwisho wanaitwa Behemothi na Lewiathani, na wafasiri wa lugha nyingi wameyaacha majina hayo kama yalivyo, kwa kuwa hawakuwa na mnyama wa kuwalinganisha nao. Wafasiri wa Union Version waliandika kiboko na mamba.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Mtu wa London akiyasoma maneno hayo husoma habari za madude ya ajabu. Mtu wa Sitalike husoma habari za jirani zake. Mnyama anayetajwa katika kilele cha kitabu kigumu kuliko vyote katika Agano la Kale ndiye yule anayetoka Katuma usiku, akala majani kilo arobaini, na pengine akakanyaga mpunga wa mtu. Na Maandiko yanasema nini juu yake? Hayasemi kwamba ni nyama, wala kwamba ngozi yake inafaa kwa viboko vya kuchapia, ingawa sote twajua kwamba kwa Kiswahili fimbo hiyo ilipata jina kwake. Yanasema kwamba aliumbwa pamoja na Ayubu, na yanamsifu kwa nguvu zake, kwa lala yake kivulini mwa matete, kwa utulivu wake mto ufurikapo. Habari ya mamba ni vilevile: Ayubu anaulizwa kama anaweza kumfanya mtumwa wake, na jibu linajulikana. Basi Biblia hiyohiyo iliyosema "kutawala" inaonyesha pia mahali ambapo utawala wa mtu unakoma. Mkwaju wa Katabi ulikuwa ukilisema hilo kwa hofu. Ayubu anaambiwa hilo kwa staajabu, naye anaweka mkono kinywani.

Kama makatekista na wachungaji wa kwanza wangalianzia hapo, huenda habari ya misitu yetu ingalikuwa tofauti. Hatuwalaumu, walikuwa na njaa, ndui na utumwa mbele yao. Makanisa yenyewe yameichukua habari hii polepole. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wanaoshughulikia mazingira mwaka 1979, na mwaka 2015 Papa Fransisko akatoa waraka wa Laudato Si' juu ya kuitunza dunia kama nyumba ya wote. Kwa upande wa Walutheri, Askofu Fredrick Shoo amejulikana kwa kuhimiza upandaji miti katika miteremko ya Kilimanjaro. Haya ni mema. Lakini waraka hauzuii mto kukauka.

Na Katuma unakauka. Katika miaka ya karibuni mto huu umekuwa ukipungua mapema na kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, na sababu mojawapo iliyo wazi ni maji yanayochepushwa juu yake kwa kilimo cha mpunga. Maji ya Katuma hupita ziwa Chada, huingia mto Kavuu, na kuishia ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Kila debe linalochukuliwa juu lina mtu au mnyama anayelisubiri chini: kiboko wa Sitalike, nyati wa Katavi, mvuvi wa Rukwa. Mavi ya kiboko hurutubisha maji na samaki hula humo. Kwa hiyo hata mvuvi asiyempenda kiboko anakula katika sahani yake.

Sasa, ni nani anayeyachepusha maji? Hapa ndipo hotuba nyepesi juu ya kupenda uumbaji inapokwama. Ni mkulima, na mara nyingi ni Mkristo mwema. Mpanda imepokea watu wengi. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, na makanisa, kupitia shirika la Kikristo la huduma kwa wakimbizi la TCRS, yalisaidia kuwapa jembe na mbegu. Wafugaji kutoka Usukuma wamekuwa wakihamia Mpimbwe na bonde la Rukwa tangu miaka ya 1970. Wote hao walikuja kutafuta ardhi na maji, na wote wana haki ya kula. Ukimwendea mama aliyeinama katika jaruba ukamwambia kwamba kiboko naye ni kiumbe wa Mungu, atakujibu kwamba anajua, na kwamba kiboko huyo ndiye aliyelala juu ya mpunga wake juzi. Jibu lake ni la haki, na mwalimu asiyekuwa na neno la kumrudishia heri anyamaze.

Neno tulilo nalo sisi si kubwa. Ni kwamba swali la maji ya Katuma ni swali la jirani. Anayefunga mto juu anamnyima mtu aliye chini, na mtu huyo ana jina na watoto. Mnyama anaumia katika dhuluma hiyohiyo. Ndiyo sababu mabaraza ya watumiaji wa maji, ambayo huonekana kuwa mambo makavu ya mihuri na mihtasari, ni mahali pa Mkristo kuliko anavyodhani. Kugawana zamu za maji kwa uaminifu, kufungua mfereji saa iliyokubaliwa hata kama hakuna anayetazama: huko ndiko kuitunza bustani kwa lugha ya Mpanda.

Tena si kila kazi ya nchi hii inagombana na msitu. Misitu ya miyombo ya Ukonongo na Mlele ni nchi ya nyuki, na Inyonga inajulikana kwa asali yake. Warina asali wa zamani walitengeneza mizinga kwa magome, na hatufichi kwamba mti uliochunwa gome zima hufa. Mizinga ya mbao imepunguza hasara hiyo. Lakini mwenye mizinga haombi msitu ufyekwe. Anahitaji myombo na mtundu vichanue, na anahitaji maji yawe karibu. Tangu enzi za Wajerumani nta ya magharibi ya nchi yetu imekuwa ikisafirishwa ng'ambo. Nayo desturi ya kale ya Kanisa ilitaka mishumaa ya altare iwe ya nta ya nyuki. Na katika mkesha wa Pasaka, mshumaa mkubwa uwashwapo gizani, wimbo wa kale wa Kilatini unaouimbia unamtaja nyuki kwa kazi yake. Waumini wengi wa Mpanda wameusikia wimbo huo katika ibada bila kuambiwa kwamba nyuki anayetajwa ni jamaa ya yule wa Inyonga. Mwalimu wa dini anaweza kuwaambia mwaka huu, wiki ile ya Pasaka, ambapo masika hayajakatika na Katuma bado una maji.